Ufa Uliopumua Kiponda

Jumanne hiyo ufa wa ukutani kwa Bi Shariffa, mtaani Kiponda, ulikuwa umepungua. Khairat alikuwa amepima nyufa za Mji Mkongwe miaka tisa, na hakuwahi kuona ufa unaojirudi. Ukuta si kidonda.

Akahema. Kamera yake, yenye lenzi ya kukuza mara tano, ilikuwa imefungwa kwenye reli ya chuma mbele ya ufa. Kando ya ufa alikuwa amegandisha kijirula cha kioo chenye mistari myembamba kuliko unywele. Kila wiki hupiga picha, akahesabu nukta za picha kwenye kompyuta, akapata upana mpaka sehemu ya elfu ya milimita. Ofisi yake ya hifadhi ya majengo ilitaka namba tu. Ufa ukivuka nusu milimita, Bi Shariffa, miaka themanini na moja, atolewe siku hiyo hiyo katika nyumba aliyozaliwa. Khairat alikuwa akiomba kimoyomoyo usivuke.

Wiki iliyopita: 0.412. Leo: 0.397.

Akakaza skrubu, akazima feni, akapiga tena. 0.411. Tena. 0.396.

"Bibi, kuna mtu anatembea juu?"

"Juu kuna popo, mwanangu, na hao hawatembei."

Harufu ya udi uliolowa ilikuwa imejaa chumbani.

"Umefukiza?"

"Tangu Ijumaa sijafukiza." Bi Shariffa akajikongoja mpaka ukutani, akatazama, sauti ikamshuka. "Khairat. Hapa palikuwa na maandishi."

"Palikuwa na doa la njano. Nlilifuta kwa spiriti wiki iliyopita, lilikuwa linaziba ukingo wa ufa."

"Doa! Zafarani ile, aya kaziandika marehemu Mwalimu Matar, kumfungia huyo aliyemo. Chuo kikuu chote hicho, hujui zafarani?"

"Mbona hukunambia?"

"Ungenicheka."

Angecheka, kweli.

Akaanza kuisogeza kamera mbele, unene wa karatasi kwa kila picha, aone kina cha ufa tabaka kwa tabaka, chokaa, kisha udongo, kisha jiwe, na kila mara ukungu mdogo ulitanda kwenye lenzi ukafutika, kama mtu anayepumulia kioo, mpaka picha ya kumi na tisa, ambapo badala ya jiwe palikuwa na kitu cha majimaji chenye kope moja ndefu, na katika picha ya ishirini kope ile ilikuwa imeinama.

Akafungua fomu. Maishani mwake hakuwahi kubuni namba, na wanaobuni yeye huwaambia usoni kuwa ni waongo. Akaandika 0.930, akatia saini.

"Ulisema unapima," Bi Shariffa alinong'ona, "kumbe unanifukuza."

"Twende, Bibi. Utanitukana njiani."

Alasiri walikuwa wameketi barazani kwa jirani, mkabala na mlango wa nyumba, Bi Shariffa amenuna ndani ya buibui lake, mkono wake umo mkononi mwa Khairat. Sabri, dereva wa ofisi, alikuwa uchochoroni akifunga godoro kwenye mkokoteni, hakumwona bibi akitoka. Akarudi, akachungulia ngazini.

"Bi Shariffa! Tunafunga mlango!"

"Naam," ikaitika kutoka juu sauti ya Bi Shariffa, taratibu, yenye pumzi ndefu. "Nnakuja."

Vidole vya bibi vikambana Khairat mpaka mfupani. Ngazi ya kwanza ikalia.