Kutu ya Behewa la Mwisho

Rangi ilikataa kukauka.

Mzee Breki alikuwa amelipaka behewa lile na kulianika dirishani kama alivyoyaanika mengine yote, na kesho yake alipoligusa ubavuni, kidole kikatoka chekundu. Siku iliyofuata, vilevile. Akadhani rangi ni mbovu. Akaijaribu kwenye kipande kingine cha plastiki, ikakauka kabla hajamaliza kunawa mikono. Akarudi kwenye behewa. Bado bichi. Tena lilikuwa na joto, joto la kitu kilichotoka mkononi mwa mtu mwingine sasa hivi.

"Makubwa haya," alisema, akajisikia vibaya kwa kusema, maana hakukuwa na wa kumwambia.

Behewa lenyewe lilienea kiganjani. Kuunda mabehewa madogo ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu astaafu karakana ya reli, alikofunga breki za mabehewa ya mizigo mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Rafiki yake, fundi saa wa pale mtaani, alikuwa na ndugu aliyemletea maboksi kutoka ng'ambo. Ndani ya boksi vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu kama majani kwenye tawi. Unavikata kwa wembe, unavipiga tupa, unavibandika kwa gundi, unaweka kipande cha madini ya risasi sakafuni ili behewa lisiruke reli, halafu unapaka rangi.

"Wenzako wakistaafu wanafuga kuku," fundi saa humtania. "Wewe unafuga mabehewa. Na hata hayatagi!"

Aliyekuwa akiucheka utani ule kuliko wote ni mkewe. Alipofariki, nyumba ikabaki na mtu mmoja na rafu zilizojaa mabehewa. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameolewa upande wa pili wa mji, na tangu siku ya mazishi hakuchoka kumsihi baba yake ahamie kwake. Chumba kilishapakwa chokaa. Kitanda kilishatandikwa.

"Nikimaliza hili behewa, mwanangu."

"Baba, ulisema hivyohivyo behewa lililopita."

"Lile lilikuwa la mafuta. Hili ni la kufunika, lenye paa na milango."

Ukweli, na Mungu anaujua, hakuchelewa kwa ajili ya behewa. Aliogopa kuufunga mlango wa nyumba alimotolewa mkewe akiwa amebebwa. Yeye akiondoka, mkewe atabaki na nani mle ndani? Ni mawazo ya mtu aliyekaa peke yake kupita kiasi, lakini ndiyo aliyolala nayo.

Basi behewa lile alitaka liwe bora kuliko yote. Siku moja fundi saa aliyatazama mabehewa kwenye rafu akakunja uso. "Mazuri, sikatai. Ila yananing'aria macho. Hayajabeba hata gunia moja haya." Neno lile lilimchoma. Wanaojenga vitu hivi wana ufundi wa kulizeesha behewa, kulipaka uchafu na kutu mpaka lionekane limetembea nchi nzima. Wengi husaga chaki ya kahawia. Mzee Breki akajiambia, kwa nini niigize kutu, na kutu ya kweli ipo?

Akaenda nyuma ya karakana, kwenye reli iliyokufa, yanakosukumwa mabehewa yasiyotengenezeka. La mwisho kabisa lilikuwa la kufunika, milango yake imekazwa kwa waya. Enzi za kazi hakuna mfanyakazi aliyekula chakula kivulini mwake. Hakuna aliyesema kwa nini. Mtu alichukua tu bakuli lake akaenda kukaa juani. Mzee Breki aliyajua hayo vizuri. Lakini kutu ya behewa lile ilikuwa nzuri mno, nyekundu, ikibanduka magamba magamba. Akakwangua mpaka chupa ikajaa. Hakusema bismillahi. Hakubisha hodi. Nani anabisha hodi kwenye behewa bovu? Nyumbani akaitwanga, akaichuja kwa soksi kuukuu, akainyunyiza kwa brashi kavu juu ya rangi mbichi.

Na rangi ikabaki mbichi.

Baada ya rangi ikaja harufu, harufu ya chuma cha breki kilichoungua, ambayo pua yake ingeitambua hata usingizini. Baada ya harufu ukaja mlio. Alasiri moja amejilaza, alisikia mabehewa yakigongana ndoano kwa ndoano, mlio ule unaoanzia mbali kwenye kichwa cha garimoshi na kuja ukipita behewa moja moja hadi la mwisho. Ulianzia jikoni, ukapita ukumbini, ukaishia kwenye ukuta wa kitanda chake. Alipoinuka, behewa jekundu halikuwa dirishani. Lilikuwa kwenye rafu, mwishoni mwa mstari, limeunganishwa na wenzake.

Mtu mwenye akili zake angetimua mbio. Yeye alisikia faraja, na hapo ndipo alipokosea kuliko kote. Miezi mingi nyumba ile haikuwa imetoa sauti ambayo hakuitoa yeye mwenyewe.

"Kama umo," alinong'ona, "karibu. Kaa. Nyumba ina nafasi."

Kutoka nyuma ya vimilango vya plastiki alivyovibandika kwa gundi kwa mkono wake, ikaja sauti ya marehemu mkewe, ndogo kama ya mtu anayezungumza kutoka chumba cha tatu.

"Mzee wangu. Nimeshakaa."

Alilia siku ile, akalala vizuri.

Ikawa ndiyo maisha. Asubuhi sauti ilimuuliza ameamkaje. Mchana, akibandika vipande, ilimsifu kwa mkono wake usiotetemeka. Alianza kuivutia kiti. Fundi saa alipobisha, ilisema, "Usimfungulie, atatukatizia maneno," naye hakufungua. Binti alipopiga simu, ilisema, "Iache ilie, itachoka," naye akaiacha ilie mpaka ikachoka. Akaacha kwenda msikitini, hata Ijumaa. Mashavu yakamwingia ndani, na kikohozi chake kikawa kinatoa vumbi jekundu kwenye leso. Hilo nalo akajifanya hakuliona.

Siku moja ya mvua, nyumba imeingia giza mchana, sauti ikamwambia, "Njoo utazame ninapokaa."

Milango ya behewa ilikuwa imeachana kidogo, uwazi wa uzi. Mzee Breki akainama mezani, akafumba jicho moja, akachungulia, na mle ndani aliona chumba, chumba kizima chenye mwanga wa kijivu wa siku ya mvua, na ndani ya chumba meza, na juu ya meza chupa za rangi na wembe na tupa kama alivyoviweka yeye asubuhi ile, na mzee mwenye mgongo uliopinda ameinamia kitu kidogo chekundu, na nyuma ya mzee yule, karibu kiasi cha pumzi kumgusa kisogo, amesimama mtu mrefu aliyejikunja kwa sababu dari lilikuwa fupi kwake, hana uso ila kutu tupu, na kutu ile ikimdondoka magamba magamba, ikiangukia shingoni mwa mzee, na papo hapo Mzee Breki akahisi kitu kikavu, chepesi, kikimdondokea shingoni.

Hakugeuka. Alitoka kama alivyo, miguu mitupu, kwenye mvua.

"Ee, umefufuka!" fundi saa alimpokea dukani. "Mimi nilishaanza kuulizia sanda." Halafu akamwona macho, na utani ukamkauka mdomoni. Alifunga duka bila kuuliza neno, akamshika mkono, wakaenda kwa shehe wa msikiti wa jirani.

Shehe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimkaribisha?"

"Nilimkaribisha, Shehe."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu. Nilikuwa peke yangu."

Shehe hakumkemea. "Hawa hawavunji mlango, mzee wangu. Husubiri waambiwe karibu. Ulichukua kitu cha nyumba yake, akakifuata, ukamkaribisha, akakaa. Nitasoma, lakini kisomo changu hakitafunga mlango uliofungua wewe. Mrudishe kwake, umwambie mwenyewe kwamba humtaki. Basi. Usiongeze neno. Wanaokota maneno hawa kama kuku anavyookota punje."

Asubuhi wote watatu wakapitia nyumbani kulichukua behewa, wakaenda nalo kwenye reli iliyokufa. Binti alikuwa ameshapigiwa simu na fundi saa, akafika anahema, kanga imemponyoka begani.

"Baba! Kumbe hupokei simu zangu kwa ajili ya kidude hiki?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Leo unahamia. Umalize, usimalize."

"Leo nahamia."

Shehe akamwambia binti abaki langoni mwa karakana pamoja na fundi saa. Mzee Breki akaenda mbele na behewa lake limefungwa ndani ya kitambaa, na chupa ya kutu iliyobaki. Rangi ilishapenya kitambaa, ikamlowesha viganja. Akaviweka vyote chini ya behewa la mwisho. Shehe akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na ndani ya behewa kubwa, nyuma ya milango ile ya waya, kitu kikaanza kugonga kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Ondoka kwangu," alisema Mzee Breki. "Sikutaki."

"Mzee wangu," ikajibu sauti ya mkewe, sasa karibu kabisa, "wingu linakuja. Utaniacha nje ninyeshewe?"

Shehe alimshika bega bila kukatiza kisomo. Na hapo, kwenye uchungu ule, Mzee Breki akagundua jambo ambalo siku zote zile hakuliona, na lilipompanda kifuani akasahau alichoonywa.

"Wewe si mke wangu!" alipiga kelele. "Mke wangu akifika mlangoni, neno lake la kwanza lilikuwa lilelile, hata mtoto alipokua, hata alipoolewa: mtoto amekula? Wewe hujamuulizia mwanangu hata siku moja!"

Kugonga kukakoma.

Ukimya uliofuata haukuwa wa kitu kilichoondoka. Ulikuwa wa mtu aliyeambiwa jambo la maana, anarudiarudia moyoni asilisahau. Shehe alimtazama Mzee Breki kwa huruma, akaendelea kusoma hadi mwisho. Chini, rangi ya kibehewa ikakauka mbele ya macho yao, ikapasuka, ikabanduka.

"Ametoka humo," alisema shehe, akifunga msahafu. Hakusema zaidi, na Mzee Breki, kwa uoga, hakumuuliza ameenda wapi.

Alihamia jioni ileile. Mabehewa mengine alimwachia fundi saa. Mkwe wake alimbebea begi, wakaswali magharibi pamoja, na kwenye sijida mzee akalia kwa yale yote aliyoyakosa kwa ukaidi. Kisha akakaa sebuleni, akasikiliza. Sufuria zikigongana. Maji yakimwagika. Mkwe akikohoa chumbani. Binti jikoni, amempa mgongo, akiimba bila maneno huku akiosha bakuli. Sauti za watu. Alitaka kumwita amwambie kwamba alikuwa mjinga, kwamba angekuja zamani.

Nje ya mlango wa mbele, taratibu, kwa upole uleule na uchovu uleule wa mama aliyetoka mbali, sauti ikauliza:

"Mtoto amekula?"

Mzee Breki alifungua mdomo. Hakikutoka kitu ila vumbi.

Jikoni, binti hakugeuka. Mikono ilikuwa majini, akili iko kwenye sufuria, na ulimi ukajibu kama ulivyojibu tangu utotoni, kabla moyo haujakumbuka.

"Bado, Mama. Karibu, ingia tule."