Hesabu Mapigo Yangu, Fundi

"Chukua pete yako."

Aliiweka juu ya kaunta, katikati ya saa mbili nilizokuwa nimezifungua. Kwa ndani alikuwa ameizungushia uzi mwekundu isije ikamdondoka, maana vidole vilikuwa vimekonda ghafla.

"Rangi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Sikutaki tu."

"Wiki tano kabla ya harusi, hivihivi tu?"

"Hivihivi tu."

Mtaa mzima unamwita Rangi kwa sababu anachora mabango ya maduka. Bango langu amelichora yeye, ndivyo tulivyojuana. Mimi ni fundi saa. Kibandani kwangu kuna saa kumi na tisa ukutani, zote zinatembea, na wateja hulalamikia kelele zake.

"Niambie ukweli. Kuna mtu mwingine?"

"Kuna moyo wangu. Kila nikikuona unanienda mbio, jasho linanitoka, mikono inatetemeka. Usingizi sina. Dada ameniambia moyo ukimkataa mtu, mwili ndio unaotoa taarifa."

Akageuka aondoke. Nikamdaka mkono. Haki ya nani sikuwa na nia ya kupima chochote, nilikuwa naachwa na nilitaka nisiachwe. Lakini kidole changu kiliangukia kwenye mshipa, na mbele yangu mshale wa sekunde wa saa kubwa ulikuwa unazunguka. Kazi ikishamwingia mtu haimtoki. Nikajikuta nahesabu huku naachwa.

"Niachie mkono."

"Mia moja thelathini na mbili."

"Nini hiyo?"

"Mapigo ya moyo wako. Kwa dakika moja."

"Nina hasira, ndiyo maana."

"Basi kaa, unywe maji. Hasira ikiisha nenda zako, sitakuzuia."

Alikaa, nadhani kwa kuwa miguu ilikuwa imemchoka. Baada ya dakika ishirini nikamwomba mkono tena. Mia moja ishirini na nane. Mtu ametulia kwenye kigoda anaangalia ukuta, na ndani yake kuna kitu kinakimbia namna hiyo mchana na usiku bila kukatika! Nimefungua saa za kila aina, sijawahi kuona mtambo wa hivyo. Nywele zilinisimama.

Akameza maji. Hapo ndipo nilipouona uvimbe mdogo chini ya koo, ukapanda na kushuka pamoja na funda la maji. Miezi yote hiyo shingo ile nilikuwa naibusu, sikuona kitu.

"Rangi, twende hospitali."

"Unipeleke kama nani wangu?"

"Kama fundi."

Akanikata jicho, lakini alisimama.

*

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Alipopata majibu ya damu alituita wote wawili.

"Tezi yako ya shingo inafanya kazi kupita kiasi," alimwambia Rangi. "Kwa mtu mzima ni kitu kidogo, umbo lake kama kipepeo, uzito wake kama saa ya mkononi ya kike. Ila ndiyo inayoamuru moyo uende kasi gani, chakula kiishe mwilini upesi au taratibu, usikie joto au baridi. Hata hasira zako zinapita hapo."

"Kitu kidogo hivyo?"

"Kidogo hivyohivyo."

Saa ya kike naijua uzito wake, naibeba kwa vidole viwili. Na kitu cha uzito huo ndicho kinachomwendesha mwanamke anayepanda ngazi na ndoo ya rangi mkononi, tangu azaliwe, bila mtu kukitia ufunguo hata siku moja.

"Kwa hiyo moyo wangu haukuwa unamkataa huyu?"

"Ulikuwa unaumwa, mwanangu."

Nikacheka kwa furaha, mjinga mimi. Rangi hakucheka.

"Daktari, hii imeanza lini?"

"Kwa maelezo yako, labda mwaka. Labda na zaidi."

Rangi akanigeukia polepole.

"Mimi na wewe tumejuana lini?"

"Miezi kumi sasa."

"Siku ile nachora bango lako ulitoka kunipa maji. Moyo ulinienda mbio mpaka nikashuka ngazi nikakaa chini. Nikasema ndiyo haya mapenzi wanayoyasema." Akaiangalia ile karatasi ya majibu. "Na kama ilikuwa tezi?"

Daktari aliinamia kalamu yake, swali lile halikuwa lake. Alipoinua uso alituambia njia ziko tatu.

"Kuna vidonge vya kuituliza, mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wengi hutulia, ila karibu nusu yao tatizo hurudi wakiviacha. Na ukiwa navyo, ukipata homa na koo kuuma, uje hapa siku hiyohiyo. Kuna dawa ya mionzi. Unaimeza, inaifuata tezi na kuinyamazisha taratibu. Mara nyingi baada ya hapo utameza kidonge kila asubuhi maisha yako yote, na mimba isubiri si chini ya miezi sita. Kuna operesheni. Inaondoa tatizo, ila kovu linabaki, kidonge cha kila siku kinabaki, na mishipa ya sauti iko jirani, lazima mpasuaji awe makini sana. Kila njia ina lake. Anza na vidonge, moyo upoe, uamue ukiwa na utulivu."

Harusi ikaahirishwa. Pete ikalala kwenye droo yangu ya vioo vya saa.

*

Vidonge vilimpa mwaka na nusu mzuri. Mikono ikaacha kutetemeka, mistari ya mabango ikanyooka. Tulikuwa tunaonana, tunacheka, lakini habari ya pete hakuna aliyeigusa. Alipoachishwa, baada ya miezi mitatu tu nikapata ujumbe.

"Fundi, imerudi. Daktari anasema nichague. Vidonge tena, mionzi au kisu. Ungekuwa wewe ungechagua nini?"

Nikajibu upesi. "Vidonge. Taratibu tu."

Simu ikaita.

"Kwa nini vidonge?"

"Ni salama zaidi."

"Daktari hajasema hivyo. Sema kilicho moyoni."

Nikaokota bisibisi, nikaiweka tena chini.

"Fundi!"

"Naogopa ukipona kabisa hutanitaka."

Nilisikia brashi ikigonga kopo upande wa pili.

"Kwa hiyo bora nibaki mgonjwa, ili nibaki wako."

"Nimejisikia nilivyosema. Naona aibu."

"Ione vizuri," akasema, akakata.

Wiki mbili hakupokea simu yangu. Dada yake, msusi, ndiye aliyenipigia, ujauzito wake umefika mwezi wa saba na sauti yake juu.

"Shemeji, huyu anataka kumeza mionzi! Mkataze, atakuja kuwaka kama taa!"

"Akiwaka tutaokoa umeme, shemeji. Mimi simkatazi kitu tena."

Siku tatu baadaye ujumbe ukaja.

"Nimemeza leo. Kidonge kimoja, kama mchezo. Dada amehamia kwa rafiki yake kwa ajili ya mimba. Nimeambiwa nikae mbali na watu kwa siku kadhaa. Ukitaka kuja, kaa mlangoni. Mita mbili."

Nilikwenda na futi kamba. Nikapima kutoka kiti chake cha dirishani hadi kizingiti, nikakaa.

"Umepima kweli?"

"Mita mbili na kiganja."

Akacheka. Kicheko kile nilikuwa nimekikosa kuliko nilivyojua.

"Unasikia chochote mwilini?"

"Hata kidogo. Lakini fikiria, Fundi. Sasa hivi iko ndani ya damu yangu inatafuta njia. Inapita kwenye moyo, inapita kwenye ini, inakuja kukaa hapa." Akagusa koo. "Nani ameielekeza?"

Nilikaa naiangalia shingo yake kama mtu aliyesikia mgeni mkubwa yuko njiani.

"Rangi, nilikosea."

"Ulikosea sana. Ila uliulizwa ukasema kweli."

"Kwa nini umechagua hii?"

"Kazi yangu iko juu ya ngazi. Siwezi kuwa juu kule kila mwaka nasubiri mikono ianze tena. Kisu kooni nimekiogopa, sijifichi. Watoto watasubiri kidogo. Nimeamua mwenyewe, hata nikijuta nitajuta mwenyewe."

"Na sisi?"

"Moyo ukitulia nitakuja kwako kwa miguu yangu. Nisipokuja, utakuwa umejibiwa."

*

Alipitia baridi isiyo na sababu, usingizi wa mchana, uso kuvimba. Tezi ilikuwa imenyamaza, na daktari akampa kidonge cha asubuhi, akakipandisha kidogo kidogo. Haya yote niliyasikia kwa dada yake. Mwenyewe hakuja, nami sikumwita. Nilitengeneza saa za watu kwa muda wa miezi minane.

Asubuhi moja, saa nne, kivuli kikaingia kibandani. Alikuwa amenawiri. Akavuta kigoda, akalaza mkono juu ya kaunta.

"Hesabu mapigo yangu, Fundi."

Nikaushika. Nikatazama saa kubwa, na yeye akanitazama mimi dakika nzima bila kupepesa.

"Sabini na mbili."

"Una hakika?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Niko mbele yako, umenishika mkono, nimekuangalia usoni mpaka umemaliza. Moyo haukuenda mbio hata kidogo."

Nikauachia mkono wake, nikafungua droo ya vioo, nikaitoa pete na kuiweka mbele yake.

"Nimeelewa, Rangi. Iuze, itupe, sitaki kuiona tena humu."

"Hujaelewa kitu."

"Hauendi mbio, umesema mwenyewe."

"Ndiyo. Hauna homa, hauna hofu, hauna tezi ya kuusukuma. Umetulia kabisa, na leo nimeamka nikakutaka wewe." Akaichukua pete. "Sasa nina hakika ni mimi. Hakuna mwingine humu ndani."

Akaukata ule uzi mwekundu kwa meno, akaisukuma pete kidoleni. Ilikwama kwenye fundo la kidole, akaongeza nguvu, ikapita. Mimi nilikuwa bado nimesimama kama nguzo, machozi yananitoka mbele ya saa kumi na tisa.

Akanikamata mkono. Kidole akakiweka palepale kwenye mshipa, macho kwenye saa kubwa, midomo inahesabu. Ilipofika dakika akanigeukia, macho yamemtoka.

"Mia moja arobaini! Fundi, twende hospitali."

"Unipeleke kama nani wangu?"

"Kama mkeo."