Matanga ya Mama yake Kavugho

Haya yalimpata rafiki yangu Kavugho, muuza vitenge wa mtaa wa Makiso, mwaka ule wa korona. Mama yake alizikwa na watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki, bila wimbo, bila matanga. Kisha mjomba wake, Tonton Liévin, akamtuma nyumbani kwa marehemu, kule mtaa wa Tshopo, akachukue nguo zote zikachomwe.

Mvua ilikuwa imeutia mchana giza, na umeme hakuna. Kavugho akafunga mlango, akapapasa hadi kitandani, akaketi amezikumbatia zile nguo. Simu ikalia.

"Umemaliza, ma fille?" akauliza tonton. "Fanya mbio. Na usilie kwa sauti, majirani wataita polisi."

"Hapana, tonton. Mama alililia kila mufu wa hii avenue. Leo mimi njo nitamulilia, na nguo zake hazitaungua. Polisi wakuje!"

Akakata simu, akaanza wimbo wa matanga peke yake. Alipofika kwenye kiitikio, akaitikiwa.

Zilikuwa sauti za wanawake wengi, za chini chini, karibu kabisa, pande zote za kitanda. Lakini Kavugho hakunyamaza. Akapaza sauti, nazo zikapaza pamoja naye, mpaka wimbo ukaisha, ikabaki mvua tu juu ya mabati.

Akafungua dirisha, mwanga ukaingia. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Sakafuni, nyayo za matope za miguu mitupu zilianzia mlangoni zikazunguka kitanda. Zote zilikuwa zimeingia. Hakuna hata wayo mmoja uliotoka.