Nyamvula wa Kwenye Picha

"Dada, niitie Nyamvula."

"Ni mimi."

Mgeni akacheka. Alikuwa kijana wa bara, jina lake Absalom, akifanya kazi pamoja na Kalama katika karakana ya reli hapa Changamwe. Mkononi alishika kifurushi cha sukari ambacho Kalama alimtuma ampelekee mchumba wake. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita, na sukari ilikuwa bado adimu.

"Usinitanie, dada. Nyamvula namjua. Kalama hutuonyesha picha yake kila tukipumzika. Mweupe yule, kama wale wanawake wa matangazo ya sabuni!"

Nyamvula alipokea sukari, akashukuru, akaingia ndani.

Jumapili, walipotoka kanisani, alimvuta Kalama kando.

"Nipe hiyo picha."

"Picha gani?"

"Kalama!"

Akaitoa mfukoni. Ni ile waliyopiga kwa fundi wa picha kisiwani baada ya posa. Gauni lilikuwa lake. Vipuli vyake. Mkono uliomshika Kalama kiwikoni, wake. Uso tu ndio haukuwa wake: umepakwa weupe, pua imechongwa, midomo imepunguzwa kwa brashi ya fundi.

"Huyu ni nani?"

"Si wewe? Fundi aliirembesha kidogo tu. Ndio mtindo wa siku hizi."

"Aliambiwa na nani airembeshe?"

Kalama akainamisha kichwa. "Nilimwambia mimi. Wenzangu wamebandika wanawake wa magazeti ukutani, kutwa kuwasifu. Nikaona nami nikiwaonyesha uso wako... watacheka."

"Watacheka nini?"

Kalama akanyoosha mkono, akaichukua picha tena.

"Haya, nijibu hili. Tungesimama hapa sote wawili, mimi na huyu, ungemfuata nani?"

"Wewe!"

Lakini jibu lilichelewa. Lilichelewa kwa pumzi moja tu, na pumzi hiyo ndiyo Nyamvula aliyokwenda nayo nyumbani.

"Mwanangu, posa huvunjwa," mamake alimwambia. "Sema tu, babako atarudisha mahari."

"Nampenda, mama. Hapo ndipo niliponasa."

Wiki ile ile akaenda sokoni kwa Mwanatabu, mchuuzi wa mafuta ya kung'arisha ngozi.

"Jipake kabla ya kulala," Mwanatabu alimwambia. "Ukiamka hutajijua."

Kweli, hakujijua. Mashavu yalibabuka, yakatoa maji, macho yakavimba hata hakuweza kuyafumbua vizuri.

Habari zilipomfikia, Kalama alikuja mbio na nguo za kazi. Nyamvula alijigubika leso.

"Nifunulie."

"Hutapenda utakachokiona."

"Nifunulie, nakuomba."

Alipouona uso ule alilia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya mama mkwe. Akaitoa ile picha, akaichana vipande vipande.

"Nisamehe, Nyamvula. Mungu ni shahidi, nakutaka wewe. Uso wako ule ule."

"Nimekusamehe."

"Basi mbona bado walia?"

"Kwa sababu umeichana bure. Nikifumba macho namwona. Ni mzuri, Kalama. Amenishinda, na amevaa gauni langu."

Kalama akasogea karibu. Alimshika mkono, wakakaa hivyo, kila mmoja akitamani kumsaidia mwenziwe na asijue aanzie wapi.

Walioana. Vidonda vilipona, yakabaki mabaka meusi chini ya macho. Kalama akawa mume mwema, hilo hata majirani walilikiri. Kila asubuhi alimwambia mkewe, "Wewe mzuri," naye aliitikia, "Ahsante," kama mtu aliyepewa salamu za kumfikishia mwingine.

Mwaka uliofuata akajifungua binti. Kalama aliingia chumbani akicheka kwa furaha.

"Mwone! Hakuacha kitu, kafanana nawe mtupu!"

Nyamvula akatabasamu. Kalama alipotoka kuwaita majirani, alikigeuza kichwa cha mtoto taratibu kwenye mwanga wa dirisha. Akalikunja lile sikio dogo na kulitazama kwa nyuma, pale ambapo wazee husema rangi ya mtu hujulikana mapema.

Alitazama kwa muda mrefu; palikuwa peusi kama ngozi yake. Kisha akambana mtoto kifuani, machozi yakimdondokea utosini.

"Usifanane nami, mwanangu," alinong'ona. "Nakusihi, usifanane nami."