Pete Iliyopimwa Mara Mbili

Mwalimu alipoingia dukani siku ya tatu, sonara alimuuliza mzee anaendeleaje.

"Mzee gani?"

"Yule uliyemtuma jana kubadilisha oda."

Mwalimu hakuwa amemtuma mtu. Aliweka mkoba juu ya meza ya kioo, akamtazama sonara kama anavyomtazama mwanafunzi anayedai kusahau daftari nyumbani.

Almasi ya kwenye oda ile, ndogo kama punje ya mtama, aliirithi kwa shangazi yake aliyefariki bila kuolewa. Ilikuwa kwenye pete kuukuu iliyolegea kucha zinazoshika jiwe. Shangazi aliizungushia uzi miaka nenda rudi ili jiwe lisidondoke, na kila aliyemshauri aipeleke kwa sonara alijibiwa, "Niachieni pete yangu." Sasa mwalimu alikuwa anaolewa na fundi umeme baada ya miezi miwili, akataka jiwe livaliwe tena. Siku ya kwanza alikaa na sonara karibu saa nzima akichagua kikalio kipya cha jiwe. Cha kucha nne kilimnasa kitambaa cha kichwa. Cha kucha sita kilisimama juu mno kwa mtu anayeshika chaki kutwa. Mwishowe akachagua cha ukingo, jiwe lizame ndani ya dhahabu, lisimsumbue.

Daftari la oda sasa lilisema kucha nane, ndefu, zilizopinda. Chini yake palikuwa na kipimo kingine cha kidole.

"Hiki cha nani?"

"Cha mzee. Alisema ataivaa yeye kwanza, halafu atakuvisha mwenyewe." Sonara alipunguza sauti. "Nilimpima kwa mkono wangu. Mtu mpole, koti safi, lakini ananuka kiberiti, kama ndiyo kwanza kimezimwa. Pete ya kupimia ikapita kifundo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kidole bado kinaendelea."

"Na hukushangaa?"

"Nimeshangaa alipoondoka. Alipokuwa hapa niliona sawa tu."

Mwalimu hakumwamini. Aliomba aone jiwe lake, akalipulizia pumzi kama shangazi alivyomfundisha, na ukungu ukafutika papo hapo, kama ilivyo kwa almasi halisi. Halikubadilishwa. Kama si sonara, basi alibaki mtu mmoja tu.

Mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Kitinda, aliishi peke yake kwenye chumba kimoja nyuma ya saluni. Mali za shangazi zilipogawanywa, yeye alipewa cherehani, akanuna wiki nzima. Mwalimu alimkuta akipiga pasi.

"Umemtuma nani kwa sonara?"

Kitinda alisimamisha pasi pembeni. "Dada, jiwe lile nililitaka, sikatai. Lakini nikitaka kitu nakuja kukuambia usoni. Unanijua."

"Nilidhani nakujua."

"Haya. Basi endelea kudhani."

Simu ya mwalimu ikaita. Alikuwa sonara, akinong'ona.

"Mwalimu, mbona umesimama tu mlangoni? Umekuja na mzee, hunijibu, unacheka. Nikaona nikupigie kwa siri nijue una nini."

"Mimi niko kwa mdogo wangu."

"Sasa huyu anayenitazama ni nani?"

Na katika kile chumba kidogo, ambamo madirisha yalikuwa wazi na jua lilikuwa limejaa mpaka chini ya kitanda, ikaingia harufu ya kiberiti kilichozimwa, kwanza nyembamba kiasi cha kumfanya Kitinda aichungulie pasi yake, kisha nzito, ikiwakaribia kutoka upande wa ukutani ambako hapakuwa na mlango, mpaka wote wawili wakajikuta wametoka nje bila kukumbuka nani alimshika mwenzake mkono.

Kitinda ndiye aliyempeleka kwa mkunga mmoja mstaafu, mama aliyejulikana kwa kutibu waliosumbuliwa na majini. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo zake zilizokauka.

"Shangazi yenu alichumbiwa na jini," alisema. "Jiwe ndiyo posa yenyewe. Maadamu hakubadilisha pete, hakuwa amejibu. Wewe umekwenda kuchagua pete. Kwake hilo ni jibu."

"Mama, mimi sikujua."

"Ndiyo maana ukikataa atasikia. Kesho mchana mlirudishe jiwe palepale kidole chake kilipopimwa. Ukatae kwa mdomo wako, mgeuke, mumwache achukue kilicho chake." Akawatazama wote wawili. "Asilichukue mtu mwingine. Atakayelichukua, amekubali yeye."

Kesho yake saa saba mchana walisimama watatu dukani, mlango wazi, watu wakipita barabarani na mifuko yao. Sonara aliling'oa jiwe kwenye pete, akaliweka juu ya kitambaa cheusi. Mwalimu akasema hamtaki, ana mchumba, na shangazi yake pia hakumtaka. Wakageuka kutazama ukuta, na kelele za barabarani zikafifia moja baada ya nyingine kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba kubwa, harufu ikaja, ikapita nyuma ya shingo zao polepole kama mtu anayehesabu, ikasimama nyuma ya mwalimu, ikasogea, ikasimama nyuma ya Kitinda, na hapo ikakaa muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia bila kufumba macho.

Pikipiki ikapiga honi nje. Waligeuka. Kitambaa kilikuwa kitupu.

Sonara aliketi chini. Mwalimu alitaka kumshukuru Mungu, lakini macho yake yalikuwa yameshakwenda kwenye mikono ya mdogo wake, na Kitinda aliona yalikokwenda. Akavifungua viganja vyake mbele ya dada yake, akageuza mifuko ya gauni ndani nje.

"Nikague basi."

"Hapana, jamani," mwalimu alisema. Aliona haya.

Harusi ilifungwa bila tatizo. Fundi umeme alimvisha pete ya dhahabu tupu. Nyumba yao ilikuwa na harufu ya sabuni na ya nyaya, hakuna nyingine. Ila Kitinda aliondoka mapema siku ile, na baada ya hapo hakuja tena. Wiki zikawa miezi. Jumapili moja asubuhi mwalimu alimpigia.

"Mdogo wangu, hujambo? Kimya sana."

"Unaniuliza hali, au unaniuliza jiwe?"

Kabla mwalimu hajajibu alisikia, nyuma ya sauti ya mdogo wake, karibu sana na simu, mwanamume mwenye sauti ya kizee akiuliza kwa upole, "Nani huyo?"

Kitinda aliweka kiganja juu ya simu, lakini hakukibana vizuri.

"Ni dada tu," alimjibu, kisha akakata.