Mfuko wa Lachie

Saa kumi jioni ya Novemba, giza lilikuwa limeshaanza kutanda juu ya malisho ya kisiwa cha Uist, Uskoti, na Effie MacInnes alikuwa akiendesha gari kwa hasira kuelekea nyumba ya mwisho ya barabara ya pwani.

Hasira zake hazikuwa za bure. Fundi wa zumari za mfuko kule bara alikuwa amemtajia bei: paundi elfu mbili na mia mbili, mpingo mtupu, bila hata chembe ya fedha, na foleni ya miezi kumi na minne. "Kazi ya mkono hiyo, dada," alisema, kama vile Effie, anayewapikia watoto wa shule kila siku, alikuwa akipika kwa miguu. Zile za bei poa za mtandaoni, mwalimu wake wa bendi aliziangalia kwa jicho moja akacheka. "Hizo tundika ukutani, Effie. Mti wake unapasuka kabla hata hujajifunza kupuliza. Rahisi ghali." Za plastiki, zile nzuri, zilikuwa mia nane. Za kuazima zilikuwa zimekwisha. Na zumari ya ukoo ilikuwa Kanada, imetundikwa juu ya televisheni ya kaka yake Neil, mtu asiyejua hata kupiga mluzi.

Miaka miwili Effie alikuwa akijifunza kwa kizumari cha plastiki, kile cha wanafunzi, kisicho na mfuko, kinacholia kama nyigu ndani ya chupa. Baba yake, Mzee Ranald, hakuwa na miaka mingine miwili. Mapafu yalikuwa yamekwisha. Daktari alimpa wiki tatu. Mzee alikuwa na ombi moja tu: zumari kamili ipigwe chini ya dirisha lake, na mtu wa damu yake.

"Nikishakufa mtanikodia mpigaji," alisema. "Huyo sitamsikia."

Bibi Dolina alifungua mlango kabla Effie hajabisha. Alikuwa mjane wa Lachie, aliyekuwa mpigaji hodari kuliko wote kisiwani, na ulikuwa mwaka wa tisa tangu azikwe. Nyumba ilinuka tumbaku, ingawa kikongwe yule hakuwahi kuvuta. Juu ya kiti palikuwa na soksi iliyofumwa nusu, mishono midogo, imepangika.

Zumari aliyokuwa ametangaza kuiuza ilikuwa mezani. Mpingo mweusi unaong'aa, pete za pembe, mfuko wa ngozi ya kondoo.

"Mia mbili," alisema Bibi Dolina.

"Elfu mbili na mia mbili?"

"Mia mbili. Masikio yako mazima?" Kisha akashusha sauti. "Lakini mfuko uukate. Leo hii, kabla hujalala. Mkasi, kutoka shingoni mpaka chini. Utanunua mwingine."

Effie aliijua mila hiyo. Mpigaji akifa, mfuko wake hukatwa siku ya maziko, pumzi yake itoke, iende zake. Hukatwa na watu wa nyumbani.

"Mbona nyinyi hamkuukata?"

"Vidole vyangu, mwanangu. Baridi yabisi." Akaficha mikono chini ya aproni.

Nyumbani Effie aliupima ule mfuko. Ngozi nene, mshono imara, hauvuji hata kidogo. Akatazama bei ya mfuko mpya. Paundi mia mbili na arobaini! Mfuko ghali kuliko zumari yenyewe. Tena ungefika baada ya siku kumi, upepo ukiruhusu feri.

"Imani za vikongwe," akasema, akaurudisha mkasi kwenye droo.

Jioni ya pili yake mzee alizidiwa. Effie akafungua dirisha la chumba chake, akatoka uani, akasimama chini yake na mfuko kwapani.

Alijua kitakachotokea. Anayeanza hupuliza mpaka uso uwe bluu, na mfuko hukoroma kama nguruwe. Akavuta hewa. Akapuliza mara moja.

Mfuko ukajaa.

Akangoja upungue... Haukupungua. Mirija mitatu begani ikaanza kulia, sauti nzito, sawasawa. Vidole vikaanguka kwenye matundu na wimbo ukatoka, wimbo ambao hakuna aliyewahi kumfundisha. Effie alitaka kucheka kwa furaha. Hatimaye! Baada ya fedheha yote ile, hatimaye!

Ndipo kitu cha uvuguvugu kilipomgusa ulimi.

Hewa. Ilikuwa ikirudi kinywani mwake kutoka ndani ya mfuko. Ina joto. Inanuka tumbaku.

"Lachie?" Sauti ya baba yake ilitoka dirishani, changa kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi. "Lachie, mshenzi wewe! Polepole basi, nisubiri!"

Effie akautoa mdomo wake.

Zumari haikunyamaza.

Chini ya mkono wake mfuko ulikuwa ukipanda... ukishuka... ukipanda. Akaukandamiza kwa kiwiko, ukamsukuma. Ndani ya chumba mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kile kikohozi chake cha mafundo matatu ambacho Effie angekitambua popote. Mara moja. Mara ya pili.

Kimya. Zumari nayo ikanyamaza.

Kisha kikohozi kikalia mara ya tatu.

Kwapani mwake.

Alipofika chumbani baba yake alikuwa amekwisha, mdomo wazi, uso umeelekea dirishani. Alikuwa akitabasamu.

Baada ya maziko Bibi Dolina alikuja bila kualikwa. Effie alikuwa jikoni, na kile kitu kilikuwa mezani, kikipumua.

"Hukuukata," alisema kikongwe.

"Na wewe je? Miaka tisa! Baridi yabisi gani, na soksi unafuma?" Effie alikuwa akilia kwa hasira. "Umeniulia baba!"

"Ningemkataje, mwanangu? Kila jioni ananikoholea, ananipumulia..." Bibi Dolina aliketi. "Nilitaka mtu asiyekizoea kikohozi chake. Kwako ingekuwa ngozi tu. Ndiyo maana nilikupa bei ile. Sikujua kama atamchukua mtu. Kwangu hapakuwa na mtu mwingine wa kuchukuliwa."

"Chukua huu mkasi. Kata sasa."

Kikongwe akaushika. Makali yalipogusa ngozi, kitu ndani kikashusha pumzi, polepole, kama mzee anayevuliwa buti. Kikongwe akajikaza. Ndipo kikohozi kikatoka, mafundo matatu, na Effie akajikuta ameukamata mkono wa kikongwe kwa nguvu zake zote.

"Usimkate!"

Akauchukua mkasi, akaurudisha kwenye droo. Mfuko ulikuwa ukipanda na kushuka baina yao, na hakuna kati yao aliyeweza kusema pumzi ipi ni ya nani.

"Wanabanana mle," hatimaye akanong'ona Bibi Dolina. "Hawalali."

Effie alivumilia siku sita. Ya saba alibandika karatasi kwenye dirisha la duka: zumari ya mfuko, kazi ya mkono, mpingo, paundi mia mbili, inamfaa anayeanza.

Simu ililia kabla ya saa sita mchana. Mwanamke, sauti ya mtu aliyechoshwa na bei za watu. Alikuwa ameshaulizia kila mahali, alisema, mpaka amekaribia kuacha.

"Kuna sharti," Effie akamwambia. "Mfuko uukate siku hiyo hiyo. Niapie."

"Naapa, dada, naapa!" Akasita. "Lakini samahani... kwani unavuja?"

Mezani, mtu alikohoa.

"Hauvuji," alisema Effie.

"Aa, afadhali!" Mwanamke alicheka. "Maana mfuko mpya siku hizi bei haikamatiki."

Effie alijua anachopaswa kusema. Alikifikia kabisa, kikawa kwenye ncha ya ulimi.

"Wahi kabla giza halijaingia," akasema.