Kompyuta Mbili za Mwantumu

Kila asubuhi Mwantumu alifagia nyuzi sakafuni na kutia mafuta mashine ya kudarizi. Kisha aliwasha kompyuta, akaenda kuchemsha chai. Chai ilichemka kabla kompyuta haijawa tayari.

Duka lake lilikuwa Manundu, mjini Korogwe. Alidarizi nembo za shule kwenye sweta, na mapambo ya shingo za kanzu. Mumewe, Jabiri Mhina, alilima huko Magoma wakati wa mvua. Kiangazi alikaa dukani, akipiga pasi na kufunga mizigo.

Mashine ilifuata michoro iliyomo kwenye kompyuta. Waya mmoja uliunganisha vitu hivyo viwili. Bila kompyuta ile, mashine ilikuwa meza nzito tu.

Lakini kompyuta hiyo ilikuwa na kazi nyingine pia. Mwantumu aliitumia kusoma barua pepe za wateja. Ukasha, mdogo wake Jabiri, aliitumia kupakua nyimbo. Mteja akileta nembo kwenye flashi, flashi ilichomekwa humo humo.

Desemba, mwalimu Ernesti alikuja kutoka shule moja ya Handeni. Shule ilitaka sweta za wanafunzi wapya.

"Nembo imo humu," alisema, akitoa flashi mfukoni. "Sweta ziwe tayari kabla shule haijafunguliwa. Mkichelewa, kazi naipeleka Tanga."

"Hatuchelewi, mwalimu," alisema Mwantumu.

Alichomeka flashi, akanakili nembo. Mwalimu akaaga.

Kesho yake michoro yote ilikataa kufunguka. Majina yalionekana, lakini kila alipobonyeza jina, hakuna kilichotokea. Mwantumu alijaribu tena na tena. Ile ilikuwa kazi yake ya miaka mingi, na haikuwepo mahali pengine popote.

Ukasha aliinama kutazama.

"Shem, usijipe presha. Hii windo imezeeka. Napiga windo mpya sasa hivi, inakuwa kama imetoka dukani leo."

"Hiyo mpya unaitoa wapi?"

"Kuna mshikaji kanipa, iko kwenye flashi hii. Inafuta kila kitu, tunaanza upya."

Jabiri aliweka pasi chini. "Ifutwe ya nini? Jembe linalolima halitupwi."

"Linalima wapi, kaka? Si limegoma!"

Mwantumu alitazama rundo la sweta zisizo na nembo. "Haya, Ukasha. Piga."

Ukasha alivuta kiti. Wakati huo huo hodi ikasikika mlangoni. Alikuwa jirani yao, Tumaini Kimaren, aliyekuja kuchukua sweta ya mwanawe. Kwao ni Handeni, kwa wafugaji. Yeye alitunza kompyuta za chuo kimoja mjini.

"Unafanya nini, Ukasha?"

"Napiga windo, dada."

"Michoro mmeihifadhi wapi kwingine?"

"Imo humu tu," alisema Mwantumu.

"Basi toa mkono hapo."

Jabiri alicheka. "Wamasai mmehamia kwenye kompyuta? Ng'ombe wamewashinda?"

"Ng'ombe ndio walionifundisha, shemeji. Ng'ombe mgeni hachanganywi na kundi siku anayofika. Nyie flashi ya mgeni mnaipeleka moja kwa moja zizini."

Tumaini alikwenda nyumbani, akarudi na kompyuta yake mpakato na diski tupu. Alibadilisha mpangilio mmoja kwenye kompyuta ya duka. Mafaili yaliyofichwa yakaonekana.

"Yapo!" alisema Mwantumu.

"Yapo. Virusi vimeyaficha tu, vikaweka majina ya uongo mbele yake. Safari hii mna bahati. Vipo virusi vinavyofunga mafaili kabisa, na kuyarudisha huwa vigumu sana."

Alinakili michoro kwenye diski, pamoja na programu inayoendesha mashine. Aliichunguza diski hiyo kwenye kompyuta yake. Ilikuwa safi. Kisha akasafisha kompyuta ya duka.

"Sasa nipige windo?" aliuliza Ukasha.

"Tupime kwanza. Hicho unachokiita windo ni mfumo endeshi. Ndio unaoongoza kila kitu ndani ya kompyuta. Wenu ni Windows 7. Mtengenezaji aliacha kuutolea marekebisho ya usalama kwa watu wa kawaida mwaka 2020."

"Marekebisho gani?" aliuliza Jabiri.

"Wahalifu hutafuta matundu kwenye mfumo. Mtengenezaji huyaziba. Mfumo ukiachwa, matundu mapya hayazibwi tena. Kompyuta inaendelea kufanya kazi, lakini haina mlinzi."

"Na hii ya mshikaji wangu?" aliuliza Ukasha.

"Unamjua aliyeitengeneza?"

"Simjui."

"Basi hujui alichoweka ndani. Mfumo unachukuliwa kwa mtengenezaji mwenyewe, kwa leseni halali."

Kompyuta ya Tumaini ilikuwa na mfumo mpya. Aliweka humo programu ya kudarizi, kisha akahamishia waya wa mashine kwake. Programu ilikataa kufunguka. Alitafuta kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine. Hapakuwa na programu ya mfumo mpya kwa mashine ya aina ile.

"Tena, kompyuta yenu ni ya zamani mno," alisema. "Haifikii kiwango cha kubeba mfumo mpya."

Ukasha aliitazama flashi yake. "Kwa hiyo ningepiga..."

"Mashine isingeshona. Na michoro ingekuwa imefutwa."

Ukasha aliirudisha flashi mfukoni.

"Si nilisema?" Jabiri alisema kwa furaha. "Tubaki na ya zamani!"

"Hatuitupi, shemeji. Lakini iwe na kazi moja tu, kuendesha mashine. Isiunganishwe na intaneti. Isiguswe na flashi ya mteja. Barua pepe, nyimbo na flashi za watu zipokelewe kwenye kompyuta nyingine, yenye mfumo ambao bado unapata marekebisho. Nembo ikaguliwe huko kwanza. Kisha muihamishe kwa flashi yenu wenyewe, isiyotoka dukani."

"Kompyuta mbili, duka moja! Hiyo ni anasa."

Mwantumu alimgeukia mumewe. "Baba Maryamu, mahindi ya mbegu unayaweka wapi?"

"Darini, juu ya jiko. Moshi unafukuza mdudu dumuzi."

"Na ya kula?"

"Kwenye gunia, chini."

"Kwa nini usiyaweke gunia moja?"

"Dumuzi akiingia kwenye gunia, mwakani tupande nini? Hata mtoto..." Jabiri alitazama kompyuta, kisha diski. "Sawa. Nimeelewa."

Akaichukua diski. "Basi hii ndiyo mbegu. Naipeleka kwa mama, kule Old Korogwe, akaitundike darini."

"Si juu ya moto!" wanawake wawili walisema kwa pamoja.

"Moshi na joto vitaiua," aliongeza Tumaini. "Ikae pakavu, na kila mkipata mchoro mpya, muuongeze humo."

Siku hiyo hiyo Jabiri alirudisha waya wa mashine kwenye kompyuta ya zamani, akachomoa ule wa intaneti. Sweta zilikamilika kabla shule haijafunguliwa. Mwalimu Ernesti alipokuja kuzichukua, Mwantumu alimweleza habari ya flashi yake.

"Kumbe!" alisema mwalimu. "Kompyuta ya shule nayo inasumbua. Na mfumo ni huo huo."

"Basi ipimwe, mwalimu. Lakini nakilini mafaili kwanza."

Kwa malipo ya kazi ile walinunua kompyuta nyingine iliyotumika. Kabla ya kununua, Tumaini alihakikisha kwamba inaweza kubeba mfumo mpya. Ukasha alipewa kazi ya kukagua kila flashi inayoingia. Wateja wengine walinung'unika.

"Mnaipima flashi yangu kama ina malaria?"

"Nyingine zinayo, mzee," alijibu Ukasha.

Kila Ijumaa Mwantumu alipitia kwa mama mkwe wake, Bibi Hajira. Aliichukua diski, akaongeza michoro mipya, akairudisha. Bibi Hajira aliiweka ndani ya sanduku la nguo, imefungwa kwenye kitambaa.

Mwezi wa mfungo ukaingia. Kanzu za Idi zilijaa dukani. Asubuhi moja, kompyuta ya zamani haikuwaka. Tumaini aliifungua, akaipima.

"Imekufa," alisema. "Umri wake umefika."

Safari hii Ukasha hakuzungumzia kupiga windo. "Nitafute nyingine ya zamani kama hii, shem," alisema. "Diski iko kwa mama?"

"Iko."

Ukasha aliipata kompyuta hiyo kwa jirani mmoja aliyekuwa hana kazi nayo. Tumaini aliisafisha, akaichunguza, kisha akasimama pembeni. Ukasha mwenyewe aliweka programu ya mashine. Intaneti hakuigusa.

Bibi Hajira alikuja na diski mkobani. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akasubiri. Michoro ilinakiliwa. Mwantumu alichagua mmoja, akabonyeza. Sindano ilishuka, ikapanda, ikaanza kuzunguka shingo ya kanzu.

"Imeota?" aliuliza Bibi Hajira.

"Imeota, mama."

"Basi nirudishieni mbegu yangu," alisema, akakunjua kitambaa.